Vijana walikuja kurekodi maji ya mfereji, wakabeba mdomo wangu

Wakuu, na zaidi nyinyi vijana mnaoshinda humu mkibishana: kaeni vizuri, nyanya yenu anaandika.

Sina masomo mengi. Nilitolewa shule darasa la nne nikalee wadogo zangu, kwa hivyo mkiona herufi imekaa vibaya, rukeni muendelee. Akaunti nilifunguliwa na mjukuu. Lakini maneno ni yangu na kidole ni changu, hiki kimoja.

Juzi nimeona uzi humu, kijana anasifu programu mpya ya simu. Unatembea mjini, ukifika mahali, simu inakupigia sauti za mahali pale. Watu wakajaa hapo chini: noma sana, wazungu wako mbele.

Wazungu gani?

Hiyo kitu ilifanywa Shauri Moyo, hapa Nairobi, miaka ya tisini ikielekea kuisha, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Niliiona na macho haya. Na iliniaibisha mbele ya kanisa zima.

Nitawaambia vile ilikuwa, hata pale ambapo mimi ndiye mbaya. Wenyewe wako hai na wengine wana simu kubwa kuliko yangu. Nikidanganya watanianika hapa hapa.

Walikuwa vijana watatu.

Kioko alikuwa mtoto wa majirani zangu, Baba Kioko na Mama Kioko, watu wa Ukambani kama mimi. Lakini yeye alizaliwa hapa mtaani. Kikamba chake kilikuwa cha salamu na chakula, basi. Alisoma kompyuta kidogo mahali fulani mjini, na karo ilipoisha akabaki pale kama mfagiaji, ili aguse mashine wanafunzi wakienda lunch. Yeye ndiye aliandika programu.

Wambui alikuwa binti wa mama mmoja wa mitumba soko la Gikomba. Huyo ndiye alikuwa masikio. Alitembea na rekoda ya kaseti ndani ya kiondo, maiki imechomoza kama kichwa cha kuku anayepelekwa sokoni.

Wa tatu ni Odi, wa mtaa wa Baba Dogo. Alifanya shifti kiwandani, na siku zake za off alikuwa fundi wa redio. Kompyuta yao ilikuwa imetupwa na ofisi fulani. Odi aliifufua. Ilikuwa inanguruma kama mashine ya kusaga unga, na ilibidi ipepewe na feni ya mezani isije ikazimia.

Wakati huo mimi nilikuwa nauza mboga mbele ya nyumba. Vijana waliniita Mathe, yaani mama, na majirani Mama Mwikali. Siku moja wakanijia wote watatu.

"Mathe, tunachora mtaa," Kioko akasema. "Tunataka utupeleke utuonyeshe majina."

"Majina ya nani?"

"Ya mahali. Ramani ya kanso ya jiji ina namba peke yake. Na hakuna mtu husema anaenda namba fulani. Watu husema naenda kwa Mama Chapo."

"Na mkishachora?"

"Ukibonyeza mahali, mahali hapo panaongea."

"Tangu lini mahali pakawa na mdomo?"

Wambui akacheka mpaka kiondo kikatikisika. "Mathe, wewe kuja tu usikie."

Nikaenda, nikiwa na kisu cha kukatia sukuma wiki mkononi, kwa sababu sikukusudia kukaa.

Kwa kioo cha kompyuta kulikuwa na mistari. Kioko akaniambia huu ndio mtaa wetu ukiangaliwa kutoka juu. Akasukuma ile kitu wanaita mouse, akabonyeza upande wa wale wanaotengeneza majiko.

Nyundo zikaanza. Ta-ta-tang, ta-ta-tang.

Wakuu, niligeuka nikaangalia mlango.

"Mathe ameshikika!" Odi akapiga makofi.

Nikawauliza hiyo kitu wataiuza wapi. Wakasema hawauzi. Nikawauliza basi ni ya nini. Kioko akasema ni ili mtu asikie mahali anapokaa. Nikamwambia mimi nimesikia mahali ninapokaa tangu nije Nairobi, na ningelipa ili nisisikie.

Yeye hakukasirika. Akaniambia siku moja mtu atatembea na kidude mfukoni, na kila kona akifika itamwimbia yenyewe.

Nikamcheka vibaya sana. Nisamehewe.

Lakini niliwapeleka. Siku tatu nilitembea nao nikiwataja: hapa ni Kona ya Mjane, hapa ni kwa Fundi Kiatu, hapa paliungua. Kioko anaandika, Wambui anasikiliza ukuta kama daktari.

Habari ikaenea. Ile kazi ikawa ya watu wote. Fundi wa viatu alikuja mwenyewe akidai sauti ya nyundo yake iwekwe, kwa nini ya majiko imewekwa. Kwaya ya akina mama ikaimba mara nne ndio wakubali iko sawa. Mwenye makaa aligombana nao wiki nzima, eti jogoo wa jirani amewekwa karibu sana na duka lake na yeye hana uhusiano na huyo jogoo.

Masharti yao yalikuwa mawili. Sauti inachukuliwa mahali pake na inakaa mahali pake, haihamishwi. Na kila mahali panapata kipande kifupi tu, kwa sababu tumbo la kompyuta lilikuwa dogo. Kioko alisikiliza kaseti nzima, akakata kile kipande kitamu, akakifanya kijirudie. Ukibonyeza, kinazunguka na kuzunguka mpaka ubonyeze kwingine.

Hapo kwa kujirudia, shikeni. Ndipo niliponyongwa.

Sasa niwaambie juu ya Baba Kioko.

Alikuwa karani kwenye kampuni moja mjini. Katika mstari wetu wa nyumba, yeye ndiye aliyekuwa mwanamume wa tai. Kila asubuhi shati jeupe, mkoba, viatu vinang'aa. Mama Kioko alipiga pasi lile shati kila jioni, pasi ya makaa, mlango wazi watu waone. Alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani na lile shati lilikuwa nusu ya uongozi wake.

Siku moja nikaenda Gikomba kutafuta kijiti cha kushikilia kibanda changu. Nikapita ndani kabisa kwa maseremala, nyuma ya mabati.

Nikaona koti nalijua. Limening'inizwa kwa msumari, limefunikwa gazeti lisipate vumbi.

Chini yake Baba Kioko amekaa kwa kigogo, kifua wazi, anapiga msasa mguu wa kitanda.

Aliniona. Hakukimbia. Aliangalia mikono yake.

"Mama Mwikali," akaniambia, "kazi iliisha."

"Tangu lini?"

"Walitupunguza. Sasa ni mwezi wa tatu."

"Na Mama Kioko?"

"Hajui. Usimwambie. Nitamwambia mwenyewe, nikishapata maneno."

Baba yake alikuwa mchongaji. Yeye alikimbia hiyo kazi akiwa kijana, akasema hatakufa na vumbi la mbao puani. Sasa imemrudia, na vile nilimwona, mikono ilikuwa inajua msasa kuliko kalamu. Lakini hilo ni langu la kuona. Lake lilikuwa moja: mke wake asikie habari hii kutoka kinywani mwake yeye, si kwa mtu mwingine.

Nikamwahidi. Niliapa, wakuu. Nilitaja na jina la Mungu.

Na nilikaa nayo. Wiki ya kwanza, wiki ya pili. Lakini kila jioni napita pale naona Mama Kioko anapuliza makaa ya pasi, anarashia shati maji, anakunja kola kama anavyokunja nguo za mtoto mchanga. Ananiambia, "Mzee ana mkutano kesho." Mimi nasema, "Haya, Mungu amsaidie." Naingia kwangu nafunga mlango.

Asubuhi moja niko mfereji na rafiki yangu Mama Ndunge. Foleni ndefu, maji yanatoka kama machozi.

Wambui akapita, akaweka kiondo chini ya ukuta. "Mathe, tunachukua maji."

"Chukueni," nikamjibu, hata sikugeuka.

Mniangalie hapo. Niliambiwa! Hakuniibia. Lakini mimi nilidhani mashine ikiambiwa maji, inachukua maji. Kama mtu umtume nyanya, hawezi kukuletea kitunguu.

Nikamwinamia Mama Ndunge, nikafungua mdomo. Kwa Kikamba. Nikamwambia:

"Yule wetu wa tai, anaenda Gikomba kusugua vitanda, na mwenye nyumba bado anapiga pasi."

Mama Ndunge akasema "Aii!" Mtungi ukajaa. Tukaenda zetu.

Roho yangu ikapoa. Huo ndio ukweli. Nilisikia nafuu, kama mtu ametua mzigo.

Jumapili waliyochagua kuonyesha kazi yao, pasta aliwapa ukumbi baada ya ibada. Odi alifunga spika mbili kubwa. Kompyuta ikawekwa mezani na kitambaa cheupe kama bibi harusi, feni kando yake. Wazazi wa Kioko walikaa mbele kabisa. Baba Kioko na tai. Mama Kioko na kile kitambaa chake cha bluu cha uongozi.

Mambo yalikuwa matamu, sitadanganya. Mtu anaitwa, anataja mahali, Kioko anabonyeza. Mtumba ukifunguliwa Gikomba, ile sauti ya waya ikikatwa, watu wakapiga kelele. Jogoo akawika, mwenye makaa akasimama kutoa lawama, ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Watoto wakapanda viti. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kujivuna na majina yangu.

Kisha wakamwita Mama Kioko, mama wa mtengenezaji.

"Nitaenda wapi?" akasema. "Nipeleke mfereji, ndipo tunapokutana."

Kioko akatabasamu. Baadaye nilijua kwa nini. Hicho ndicho kipande alichokipenda kuliko vyote.

Maji yakaanza kutiririka. Mtungi ukagonga simiti. Kisha sauti ya mwanamke, polepole, iko juu ya maji kama wimbo.

Sauti yangu.

Yule wetu wa tai, anaenda Gikomba kusugua vitanda, na mwenye nyumba bado anapiga pasi. Aii! Maji. Mtungi.

Yule wetu wa tai.

Watu wa kabila zingine walikuwa wanatikisa kichwa, wanasema sikia maji, sikia vile yako kweli kabisa. Wakamba wote walikuwa wameelewa. Mmoja baada ya mwingine wakageuza macho, wakaangalia tai ya Baba Kioko. Naye akaifunika na kiganja, kama mtu aliyemwagikiwa na mchuzi.

Mara ya tatu ikazunguka. Kioko bado anatabasamu, anamngoja mama yake amsifu.

Mama Kioko hakulia. Akauliza, kwa Kiswahili, sauti yake ile ya kusoma matangazo:

"Kwa maseremala mlirekodi?"

"Ndio, mum."

"Bonyeza."

"Lakini hapo ni msasa tu, mum, kuna zingine poa—"

"Nimesema bonyeza."

Msasa ukaanza. Shh, shh, shh. Kisha kikohozi. Kimoja kifupi, na kingine nyuma yake kama kimesahau kitu.

Mimi nilikaa karibu na ile nyumba miaka mingi. Kila alfajiri nilisikia hicho kikohozi kikipita mlangoni kwangu. Na Mama Kioko ndiye alikuwa akilala kando yake.

Akaacha kizunguke. Shh, shh, shh, na kikohozi. Mara ngapi sijui.

Baba Kioko akasimama.

"Ni mimi," akasema.

"Mwezi wa ngapi sasa?"

"Unaenda wa nne."

"Na mashati?"

Mama Kioko akachukua Biblia yake akatoka. Mimi nikamfuata mpaka kwa ngazi, nikamshika mkono.

"Mama Kioko, hiyo sauti—"

"Sauti yako naijua, Mama Mwikali. Tumeimba pamoja. Niachilie mkono."

Nikauachilia.

Kesho yake mchana, Kioko alikuja kwa kibanda changu. Macho yamevimba. Nyumbani hakuna anayemwambia kitu, baba amefunga mdomo, mama anafua nguo ambazo ni safi.

"Mathe, ulisema nini pale mfereji?"

"Hukusikia?"

"Nimesikiliza mara mia. Nilikuwa nakata mahali unavuta pumzi ili ijirudie vizuri. Ilikuwa inaingia na maji safi sana. Nikasikia Gikomba, nikadhani unaongea bei ya mboga."

Kwake mimi nilikuwa mlio, kama mtungi.

Ikabidi nimwambie. Mnaelewa? Neno nililoapa nisiliseme, sasa nalisema mara ya pili, kwa Kiswahili, mbele ya mtoto wa mwenyewe, na yeye ananiangalia mdomo. Nikalisema lote. Sikupunguza.

Wateja wawili walikuja wakaondoka.

"Kwa hivyo ule msasa ni mzee. Wambui aliweka maiki nje ya mabati, hakuona mtu."

"Ni yeye."

"Mimi nilitaka kukata hicho kikohozi," akasema. "Odi ndiye alisema wacha, kinaonyesha kuna mtu."

Kisha akasema anaenda kufuta kila kitu. Mtaa mzima. Wambui alikuwa amekataa kushika rekoda tena, analia eti ametumwa na shetani. Nikamwambia shetani hakuhitaji rekoda, alikuwa na mimi. Hakucheka.

Aliyewazuia ni Mama Kioko. Aliwapata wamekaa mbele ya mashine kama watu wa matanga. Odi ndiye alinisimulia. Mama Kioko aliingia, hakuketi, akasema: "Ile ya mfereji toeni. Ya maseremala mkigusa, mtanijua."

Siku hiyo hiyo alikuwa ameenda Gikomba kwa miguu, amebeba chakula cha mume wake kwa sufuria, amefika hadi nyuma ya mabati. Waliongea nini sijui, na nikijua siwaambii. Najua tu Baba Kioko aliporudi jioni, alikuja amevaa vile alivyokuwa kazini, vumbi la mbao hadi kwa nyusi, na akapita katikati ya mtaa akisalimia watu. Mkoba hatukuuona tena.

Mama Kioko, mimi alininyamazia. Wiki kadhaa alinunua mboga kwingine, anapita mbele yangu na majani ya watu. Nilistahili.

Kisha siku moja akasimama mbele ya kibanda.

"Mama Mwikali. Wewe unajua kuongea."

Nikaweka kisu chini.

"Basi sasa utajua kusikiliza. Kila kaseti hao watoto wanaleta, utakaa nao uisikilize kabla haijaingia kwa mashine. Yote. Mpaka mwisho."

"Nitasikiliza."

"Na nipe sukuma ya leo, si ya jana."

Ndivyo nilivyoingia kwa kazi ya kompyuta, mimi wa darasa la nne. Kila Jumamosi mchana naketi na hedfoni kwa kilemba. Wambui alirudi. Mama mmoja wa Kisumu akawa anasikiliza yale ya Kijaluo, mama yake Wambui yale ya Kikuyu. Na tukatoa mengi, wakuu. Mtaa unaongea vitu. Kuna ndoa tatu ziko salama leo kwa sababu akina mama wale walisema "hapo kata" na hawakusema kwa nini.

Vijana walikuwa na masikio mazuri kuliko yetu. Walisikia mvua kwa mabati ikibadilika kutoka nyumba hadi nyumba. Ni watu tu ambao hawakuwasikia. Na sisi tulikuwa tunasikia watu peke yake, hata mvua hatukuijua. Ilihitaji wote wakae kwa benchi moja.

Ile mashine ilikufa baadaye kidogo, Odi akashindwa kuifufua tena. Kaseti zililiwa na unyevu. Hakuna kilichobaki cha kuwaonyesha, kwa hivyo msiniulize link. Wambui yuko ng'ambo. Odi ana duka lake la umeme. Kioko hufundisha kompyuta, na Kikamba alijifunza akiwa mtu mzima, kwa baba yake, huko huko kwa mbao.

Funzo langu ni fupi. Nyinyi mnaotengeneza programu za kuchukua sauti za watu, picha za watu, mahali watu wamelala: mkae na mtu anayeelewa kile mmebeba. Na nyinyi mnaorekodiwa, mkiambiwa "tunachukua maji," mjue mnachukuliwa na nyinyi.

Lakini hilo la pili lisinifunike. Kosa halikuwa la rekoda. Mtu alinipa neno lake nilishike, nikalitua chini kwa sababu lilikuwa zito.

Haya, semeni. Aliyekulia Shauri Moyo wakati ule na alikuwa kwa ule ukumbi, ajitokeze. Mwenye kunitukana pia aje, nimezoea, ila atumie Kiswahili kizuri.

Jumapili ile tulipotoka kanisani, kabla sijafungua hata sufuria, niliwasimamisha watu wangu wote kwa mlango, bwana yangu na watoto. Nikawaambia: kuanzia leo, katika nyumba hii, mtu akikuomba usiseme, husemi. Husemi shuleni, husemi kwa Kikamba. Na mimi mama yenu nikiwauliza, msiniambie.